Pedali za Nyuma

Baba Violet,

Sikuandika anwani juu ya barua hii. Kwa miaka thelathini na minne niliwafundisha watoto wa watu kuwa barua ya kirafiki huwa na anwani moja, na waliosahau niliwakata alama. Leo nimesahau kwa makusudi, kwa kuwa sijui uliko panaandikwaje. Tarehe nayo nimeiacha. Ni Jumanne.

Niko mezani, kwenye kiti changu. Mto wa kiti chako uko palepale ulipouacha. Ulikuwa ukiizungusha mito hiyo kila mwisho wa mwezi, wako uje kwangu na wangu uende kwako, ili ichakae sawasawa. Godoro uliligeuza. Matairi uliyahamisha. Uliishi na mashine za kiwanda cha nguo miaka ishirini na sita, na ulikuwa ukisema kwamba kitu kikichakaa upande mmoja, aibu ni ya fundi. Sasa mto wangu umebonyea na wako umejaa. Nauona kila asubuhi. Siuzungushi.

Nina habari za kukupa, na jambo moja la kukiri. Nianze na habari.

Violet alikaa nami wiki tatu, kisha akarudi kazini Nairobi. Hupiga simu kila jioni na kuniuliza nimekula nini. Akina mama wa kanisa huja Jumatano, huimba, hunywa chai, huondoka. Sijalia mbele yao, na wakishatoka silii pia. Wao husema Mwalimu ana nguvu. Si nguvu. Unaikumbuka ile sindano ya ganzi niliyopigwa siku nilipong'olewa gego? Nilijua jino limetoka. Nililigusa pengo kwa ulimi, na ulimi wenyewe haukuwa na habari. Ndivyo nilivyo. Nafua, napika, napalilia sukuma wiki, naenda dukani hapa Pioneer na kurudi na chenji iliyo sahihi.

Nilimwuliza daktari kama ni baiskeli iliyokuua. Sikuzunguka, nilimwuliza hivyohivyo, "Je, ni baiskeli?" Akasema ulikuwa mshipa wa moyo, tena wa siku nyingi, na kwamba baiskeli huenda ndiyo iliyokufikisha ulipofika. Nilimshukuru. Nadhani madaktari huwaambia wajane wote maneno ya namna hiyo.

Asubuhi ile sijaisimulia kwa mtu, kwa hiyo nitaiandika hapa mara moja tu. Ilikuwa Jumanne, siku yetu ya mlima. Mimi nilikuwa langoni, nimevaa suruali ndani ya sketi kama kawaida, nimeishika baiskeli. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kigoda ukifunga kamba za viatu. Nilikusubiri. Kisha nikasema, bila kugeuka, "Baba Violet, umechelewa." Nilipogeuka ulikuwa umeinama juu ya kiatu cha kushoto, na kamba ilikuwa imefungwa nusu. Wanasema hukusikia kitu. Basi sentensi yangu ya mwisho kwako ilikuwa karipio, na huenda hata hilo halikukufikia.

Nyumbani Vihiga ulipelekwa kwa barabara ileile ya Kapsabet tuliyoipanga. Unakumbuka mpango: siku mbili kwa baiskeli, tulale Kapsabet, tuingie kwenu mchana watu wakituona. Mimi nilikaa kiti cha nyuma cha gari, na wewe ulitangulia katika gari jingine. Tuliupita mwinuko wa mikaratusi kabla sijamaliza kufunga dirisha. Mwinuko ambao sisi ulitula miezi kumi na minne ya mazoezi.

Sasa jambo lenyewe.

Violet ndiye aliyeandika wasifu wako wa mazishi. Mbele aliweka ile picha yetu juu ya baiskeli, wewe mbele, mimi nyuma, tumevaa kofia za plastiki kama watu wa mjengo. Ndani aliandika kwamba wazazi wake, wakiwa wameshapita miaka sitini, walipanda milima ya Uasin Gishu juu ya baiskeli moja, kila mmoja akitoa nguvu zake. Karatasi ile niliisoma kabla haijachapishwa. Nilirekebisha koma mbili. Sentensi ile sikuigusa.

Mchungaji aliichukua, akaifanya mahubiri. Alisema ndoa ni baiskeli ya watu wawili: wa mbele anaona njia, wa nyuma haoni kitu, lakini miguu inasukuma pamoja. Watu walisema amina. Mama mmoja wa kwenu alinishika mkono akaniambia, "Umemsaidia mume wako mpaka mwisho, mama." Nikamjibu, "Asante." Nilisema asante, Baba Violet.

Sasa siku ya makumbusho yako inakaribia, na Violet anataka kibao cha kaburi kiwe tayari. Alikuwa amechagua maneno: jina lako, miaka yako, na chini yake, *Walisukuma pamoja*. Alitaka nimpe ruhusa kabla ya Ijumaa, maana anayechonga jiwe anataka kuanza. Tangu aniambie sijalala vizuri. Karatasi huoza, lakini jiwe litabaki pale, nami nitakuwa nikipita mbele yake kila nikija, mpaka nilazwe kando yako.

Wewe hukuacha uongo uandikwe. Mimi niliwafukuza darasani watoto walionakili kazi za wenzao. Wote wawili tunajua kilichotendeka juu ya ule mlima, ama nilidhani ninajua mimi peke yangu. Nalikiri sasa: sikusukuma.

Mwanzoni nilisukuma. Nataka hilo liandikwe kwa haki. Fundi Otieno alipotuchomelea zile baiskeli mbili nyeusi za kubebea maziwa zikawa moja, pale Huruma, nilifanya mazoezi yote uliyopanga. Nilikaa na kuinuka kitini mara ishirini bila kushika meza. Nilisimama kwa mguu mmoja nikipiga mswaki, kisha kwa mwingine. Nilizunguka nyumba na jerikeni ya lita tano kila mkono, nawe ukihesabu mizunguko kwa punje za mahindi. Tulikwenda tambarare mwezi mzima kabla ya kujaribu kilima hata kimoja. Ulisema miguu ya wazee hujengwa kama ukuta wa matofali: safu moja, ngoja ikauke, kisha nyingine. Na kweli ilijengwa. Nilianza kuona paja langu limekuwa gumu, nikaliona jambo la ajabu kwa mwanamke wa miaka sitini na tatu.

Kisha goti la kushoto likauma. Kanuni yetu ilikuwa moja: wa mbele hutangaza tuta, shimo na breki, wa nyuma hutangaza uchovu. Nilipaswa kutangaza. Sikutangaza. Maisha yangu yote ni mimi niliyewaambia wengine waseme ukweli wasimame wima, na neno *nimechoka* lilikuwa zito mdomoni kuliko jerikeni. Nikaiacha miguu izungushwe na cheni. Ukiwa nyuma inawezekana. Pedali huzunguka zenyewe, miguu huzifuata, na mtu akikutazama kutoka kando ya barabara haoni tofauti.

Goti lilipona baada ya wiki tatu. Hapo ndipo penye kosa langu. Lilipona, na mimi sikurudi kusukuma. Palikuwa pazuri kule nyuma. Niliona ngano, niliona ng'ombe, niliuona mgongo wako na lile shati la buluu likilowa kuanzia katikati. Niliendelea hivyo miezi minane.

Tena nilikuwa nasoma ngeli. Wewe ndiwe uliyeleta kipimo kile, ukisema daktari alikuambia mtu anayepanda mlima awe anaweza kuongea. Akishindwa kuongea, apunguze. Ukasema, "Basi Mwalimu aongee anachokijua." Nikawa nataja ngeli zote na mifano yake kuanzia chini ya mikaratusi mpaka juu: mtu, watu, kiti, viti, tunda, matunda. Nikifika mwisho wa ngeli za mahali, wewe ulisema, "Rudia." Nilirudia. Sikuwahi kukatika hata mara moja. Tukifika juu ulikuwa ukiegemea usukani, unahema, kisha unasema, "Pumzi nzuri hiyo, Mwalimu." Nami nilikaa kimya kama mtu aliyepewa cheti ambacho si chake.

Ndiyo maana nilimwuliza daktari lile swali. Si baiskeli niliyokuwa nikiiulizia. Nilikuwa nikiuliza kama mtu mmoja anaweza kuwavuta watu wawili mlimani miezi minane, naye moyo wake una ufa.

Wiki iliyopita niliitoa baiskeli stoo ili niioshe. Niliamua kumpa Otieno aitenganishe tena, auze zote mbili. Niliikalisha juu chini uani, kama ulivyokuwa ukiiweka, nikaanza kuifuta kutoka nyuma, upande wangu. Nikafika kwenye pedali. Mpira wake ulikuwa umekwisha. Umekuwa laini kama sabuni iliyotumika, meno hayapo. Nikaenda mbele, upande wako. Pedali zako zilikuwa na meno yote, na mifereji ina vumbi jekundu ndani.

Nilikaa chini kwenye saruji. Nilizitazama muda mrefu bila kufikiri kitu. Mtu asiyesukuma hamalizi mpira. Mtu anayesukuma kwa wawili haachi meno. Mambo yalikuwa kinyume, nami nilijua sikukosea kuhesabu miezi yangu ya uvivu.

Asubuhi yake niliikokota mpaka Huruma. Otieno alikuwa anachomelea lango la mtu. Alivua miwani, akanipa pole, akainamia pedali akazizungusha kwa kidole.

"Hizi si za huku, Mama," akasema. "Tulibadilisha na Mzee. Za nyuma zikaenda mbele, za mbele zikaja nyuma."

Nilimwuliza lini. Akafikiri, akasema ilikuwa wakati wa kupanda mahindi. Nilihesabu. Ilikuwa miezi mitano kabla hujafa.

Nilimwuliza kwa nini. Hapo akaanza kutafuta spana ambayo haikuwa imepotea. Nikamwambia, kwa sauti yangu ya darasani, kwamba mimi ni mjane na sina muda. Akasema, "Mama, usikasirike. Mzee alikuja akiteleza. Mguu ulikuwa unatoka kwa pedali kila akikanyaga. Nikamwambia nunua mpya. Akakataa. Akasema huko nyuma kuna mbili karibu mpya, zinakaa bure."

Yeye akaendelea, maana kimya changu huwafanya watu waendelee.

"Nikamwuliza, sasa Mama si atateleza? Mzee akacheka, ile ya kukohoa. Akasema, 'Mwalimu hasukumi. Meno ni ya nini?' Nikacheka pia, Mama, nisamehe. Nikamwambia basi mwambie asukume. Akasema, 'Wewe Otieno, nikimwambia ataona aibu, na akiona aibu atabaki nyumbani. Na yeye akibaki nyumbani, mimi sitoki hata langoni.'"

Hivyo ndivyo alivyosema kwamba ulisema. Nimeyaandika kama nilivyoyasikia, sikuyanyoosha.

Kwa hiyo ulijua. Nilirudi Pioneer nikiikokota baiskeli kandokando ya barabara, bodaboda zikinipigia honi, na kila hatua nilikuwa nikisema hilo tu: alijua. Kila uliposema "rudia" ulijua. Kila uliposema "pumzi nzuri" ulijua. Hukunikasirikia, na hukunisamehe kwa maneno. Uliona mpira mzuri unapotea bure, ukauhamishia panapotumika, kama mto, kama godoro. Sijui kama hilo linaniondolea mzigo. Naliandika tu kwa sababu ni kweli.

Otieno aliniuliza kama azikate zirudi mbili. Nikamwambia bado.

Kuna jambo nililotaka kulijua, na lilihitaji mtu wa kukaa mbele. Nilimfikiria mdogo wako Ezekiel, nikamwambia dada yako Rispa. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia lake la mitumba pale Langas. "Wifi, ukae nyuma ya Ezekiel kwa baiskeli ya ndugu yangu? Kabla hujafika kona, Vihiga yote itasema umerithiwa, wewe na baiskeli." Kisha akapangusa macho, akasema, "Nitaendesha mimi. Nilipeleka maziwa ya Baba miaka minne kwa baiskeli kama hii. Hizo siku wewe ulikuwa unafundishwa kula kwa uma."

Hakunipenda sana Rispa, unajua. Alisema ulioa kitabu. Lakini Jumamosi saa moja asubuhi alikuwa langoni, amejifunga leso juu ya suruali ya mtoto wake, na baiskeli aliishika vizuri kuliko nilivyotarajia. Hakukaa kwenye kigoda chako. Alisimama.

Tulikwenda tambarare kwanza. Tulipofika chini ya mikaratusi nilifanya jambo ambalo si la haki kwa mwanamke wa miaka sitini: niliacha miguu ilegee, kama zamani. Nilitaka kujua aliye mbele huchukua muda gani kugundua. Hatukuupita mti wa tatu.

"Wifi," Rispa akasema bila kugeuka, "unasukuma ama unabebwa?"

Mti wa tatu, Baba Violet. Wewe uliipita miti ile yote miezi minane.

Nikaanza kusukuma. Mguu wa kulia uliteleza mara moja, nikajigonga muundi, kwa sababu pedali za nyuma sasa hazina meno, na yule asiyehitaji meno ameanza kuyahitaji. Nikaikanyaga tena kwa kisigino. Baiskeli ilijivuta mbele kidogo, kama ng'ombe anapoamua. Rispa akasema, "Eeh. Sasa kuna mtu." Kisha akasema, "Ongea basi, ndugu yangu alisema wewe huimba sarufi."

Kumbe hata yeye ulimwambia.

Nikaanza. Mtu, watu. Kiti, viti. Nikafika kwenye ukuta na kuta, na pumzi ikakatika. Sikuweza kusema neno. Nilifungua mdomo, hewa ikaingia kwa kelele, na kelele ile ikabadilika ikawa kitu kingine, na Rispa akasikia. Hakusimama. Alisema tu, "Sukuma, wifi. Lia ukisukuma." Tulifika juu tukiwa tumeshuka mara mbili njiani. Pale juu niliegemea kiti cha Rispa nikihema, nikaona jinsi ulivyokuwa ukihema, na kwa mara ya kwanza nilijua sauti ile hutoka wapi.

Ulikuwa ni muda mfupi. Nilipofika nyumbani ganzi ilikuwa imerudi. Nilioga, nikala viazi, nikalala. Lakini muundi uliuma usiku kucha, na niliufurahia ule uchungu. Ulikuwa mahali panapojulikana.

Jana nilimpigia Violet. Nilimweleza yote, tangu goti mpaka pedali. Sikumweleza kama mama. Nilimweleza kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Mwisho akasema, "Sasa Mama, tuandike nini?" Nikamwambia aandike jina lako na miaka yako, basi. Akasema kibao kitaonekana kitupu. Nikamwambia kiwe kitupu. Yaliyobaki nitayasema mimi mwenyewe nikiwa nimesimama mbele ya watu wenu, na yule mama aliyenishika mkono awe karibu asikie. Violet akaniuliza kama sitaona aibu. Nikamwambia nitaiona, na sitabaki nyumbani.

Hayo ndiyo ya kwako. Lala, Baba Violet. Sina neno zuri la kukuagia. Mazuri yote nimeshayasikia yakisomwa juu ya watu wengine.

Ninakuahidi haya. Pedali sitanunua mpya, wala sitamruhusu Otieno azirudishe. Nitazikanyaga hizihizi zilizoisha chini ya mguu wako mpaka nijue namna ya kuzikanyaga bila kuteleza. Asubuhi nainuka kitini mara ishirini, nazunguka nyumba na jerikeni, na punje nazihesabu mwenyewe. Kesho Rispa anakuja. Makumbusho yakifika nataka niwe nimeumaliza mlima bila kushuka.

Ngeli sijui kama nitazimaliza. Jumamosi niliishia kwenye kuta.

Mkeo,
Mama Violet